Mkeka wa Gofu Sebuleni, Mlima Meru Nje

"Mama, siku hizi unapiga kama mtu aliyeonyeshwa mtihani kabla."

Kedi wangu, anayenibebea mkoba wa fimbo, aliyasema hayo akiwa amechuchumaa pembeni ya grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, macho yake kwenye majani, si kwangu. Mpira ulikuwa umepita shimo kwa kushoto na kwenda kutulia hatua tatu mbele, kwenye mteremko, mahali pabaya kuliko ulikotoka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Gymkhana, klabu yetu ya gofu ya Arusha. Mvua ya masika ilikuwa imepumzika na Meru ilionekana yote hadi kileleni, jambo la kushukuru mwezi wa Mei.

Nilicheka. Kedi akikuchoma unacheka tu, kwa sababu anaujua uwanja kuliko wewe, na mkoba wako uko begani kwake.

Lakini maneno yenyewe hayakuisha. Jumatatu yalikuwa nami kazini, katikati ya ankara za wageni wa safari. Yalikaa nami kwenye foleni ya kurudi Njiro. Wiki zikapita, na bado kila nikishika fimbo ya grini nayasikia.

Kwa sababu nyumbani, kwenye mkeka wangu, pigo kama lile silikosi.

## Ulivyofika

Sikwenda kununua mkeka. Nilikwenda kuangalia friji. Familia moja ya kigeni ilikuwa inarudi kwao, na mnaoishi Arusha mnajua nyumba kama hizo zinavyoondoka kipande kipande: leo makochi, kesho jenereta, kesho kutwa baiskeli za watoto. Friji lilikuwa limeshachukuliwa. Nyuma ya mlango wa stoo palikuwa na vipande viwili virefu vya mbao vilivyofunikwa zulia la kijani.

Ukiviunganisha unapata mkeka wa mita 3 kwa upana wa sentimita 90. Mwishoni kuna mashimo mawili, na nyuma yake kibao cha kuzuia mpira usiende chini ya kabati. Chini kuna skrubu kubwa za plastiki kila kona, unazikaza au kuzilegeza ili upande mmoja uinuke na mwingine ushuke. Kuna pia vipande vya sponji ngumu vya kupenyeza kati ya mbao na zulia, upate kilima kidogo au kibonde. Maelezo kwenye boksi yaliahidi kwamba kwa skrubu hizo grini yoyote ya dunia itahamia nyumbani kwako.

Nikaita kirikuu, nikaupakia.

"Sasa hiki kitu kinakaa wapi?" mume wangu aliuliza, akiwa amesimama mahali hasa ambapo kingekaa.

Nilikuwa na hoja. Natoka kazini saa kumi na moja, na jua la kwetu linazama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima; ukitoa foleni hakuna kinachobaki. Masika ikiingia ndiyo kabisa. Na grini ni nusu ya mchezo. Kwenye uwanja unaokadiriwa kumalizwa kwa mikwaju 72, mikwaju 36 imetengwa kwa ajili ya grini, miwili kila shimo, mara 18. Pale Gymkhana tuna mashimo 9 tunayoyazunguka mara mbili, hesabu ni ile ile. Unaweza kuupiga mpira mita 200, watu wakapiga makofi, kisha ukatumia mikwaju mitatu kuusogeza mita 6, na hapo hakuna anayepiga makofi.

Makochi yakasogezwa.

## Pima maji

Siku ya kwanza niliweka skrubu zote chini kabisa, nikauweka mpira katikati ya mkeka na kwenda kuchukua fimbo. Niliporudi mpira haukuwepo. Ulikuwa umeondoka wenyewe, taratibu, kuelekea upande wa mlango wa barazani.

Nyumba zetu nyingi zimejengwa hivyo. Fundi anayesakafia anajua kuna siku mtu atamwaga ndoo ya maji apige deki, na maji lazima yapate pa kutokea. Macho hayaoni, miguu haihisi. Kimpira cha gofu, chenye uzito usiozidi gramu 46, kinahisi.

Nikaenda kuazima pima maji kwa kijana aliyekuwa anajenga ukuta wa jirani.

"Ya kufanyia nini, dada?"

Nilipomweleza alicheka hadi akashusha mwiko. Kisha akaja nayo mwenyewe. Akailaza kwenye mkeka kwa upana, akaitazama, akanyamaza. Akatoka bila kusema, akarudi na mpira mwembamba wa maji, ule wa kuhamishia usawa kutoka kona hadi kona ya msingi, kwa sababu, alisema, pima maji fupi kwenye urefu wa mita 3 inaweza kukudanganya. Fundi akishaona tatizo la usawa haachi, hata kama si lake. Ukuta wa jirani ulisubiri.

Jibu lilikuwa sentimita moja na nusu kwa upana ule wa sentimita 90. Ni mteremko wa karibu asilimia 1.7. Na mashimo kwenye grini za kweli huchimbwa mara nyingi penye mteremko wa asilimia 1 hadi 3. Kwa maneno mengine, sebule yangu ilikuwa grini tayari kabla ya mkeka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya zile skrubu ilikuwa kuukataa mteremko wa nyumba, wala si kuutengeneza. Tulikaza upande wa mlango, tukalegeza wa ukutani, tukarudia kupima hadi mpira ukatulia pale ulipowekwa.

Nitasema jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kwangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote za mkeka wa kurekebishwa. Vilima na vibonde ni pambo. Usawa wa kweli ndio haupatikani nyumbani, na bila huo hujui mkono wako unafanya nini. Hebu fikiria. Kutoka mita 3, uso wa fimbo ukigeuka nyuzi 1 tu, mpira unafika pembeni kwa sentimita 5 na kidogo. Shimo lina kipenyo cha milimita 108. Limekuwa hivyo kisheria tangu mwaka 1891, tangu lilipokubaliwa kule Scotland. Nusu yake ni sentimita 5.4. Nyuzi 1, ambayo jicho haliioni, ndiyo tofauti kati ya mpira unaoingia katikati na mpira unaochungulia ukingo. Sasa ongeza sakafu inayoinama bila wewe kujua. Utaanza kuutibu mkono usioumwa.

## Jioni tamu

Baada ya hapo nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea kwa kitu nilichokipata kwa sababu friji limeuzwa.

Watoto wakilala nawasha taa ya sebuleni, naweka mteremko wa asilimia 2 kutoka kulia kwenda kushoto, napanga mipira, naanza. Wa kwanza unapita chini. Wa pili nalenga juu zaidi, unagusa ukingo. Wa tatu unaingia. Wa nne unaingia. Wa tano, wa sita. Kuna sauti mpira unaipiga ukidondoka ndani ya kile kikombe cha plastiki, na nisijifanye: niliipenda sauti ile kuliko ninavyopenda vipindi vingi vya televisheni.

Nikichoka na mteremko huo nageuza skrubu. Mipira miwili ya kujifunza, kisha inaanza kuingia tena.

Umeme ukikatika naendelea na taa ya simu.

Halafu Jumamosi inafika, naenda uwanjani, na mpira unapita kushoto. Au unafia njiani. Au unafanya yote mawili kwenye shimo moja.

Nilijaribu kujituliza kwa takwimu. Wachezaji wa kulipwa kule Marekani, watu wasio na kazi nyingine duniani, kutoka futi 8, yaani karibu mita 2.4, hukosa takribani nusu ya mapigo yao. Hiyo ni kweli na inafariji. Lakini haikujibu swali langu. Mimi sikushangaa kukosa. Nilishangaa kukosa zaidi ya zamani.

## Labda ni kasi

Nikaanza na mtuhumiwa wa kwanza, kasi ya zulia.

Kuna kifaa cha kupimia kasi ya grini kinachoitwa Stimpmeter. Edward Stimpson alikuwa mtazamaji kwenye mashindano ya U.S. Open ya mwaka 1935, uwanja wa Oakmont, akamwona mchezaji Gene Sarazen akisukuma mpira ukaitoka grini kabisa. Stimpson akaamini grini zile ni za kasi kupita kiasi, akaenda kutengeneza kipande cha mbao chenye mfereji ili aweze kuthibitisha. Siku hizi ni cha aluminiamu, urefu wa sentimita 91 hivi. Unauweka mpira kwenye kijishimo karibu na ncha, unainua ncha hiyo taratibu, na ikifika kama nyuzi 20 mpira unatoka wenyewe na kubingirika. Umbali wake kwa futi ndiyo kasi ya grini. Unapima kwenda na kurudi, unachukua wastani.

Boksi la mkeka liliandika kasi ya 10. Futi 10 ni mita 3 na sentimita 5.

Mkeka una mita 3.

Yaani mtu akitaka kuhakikisha wanachokisema, mpira utagonga kibao kabla haujamaliza kujieleza. Nilicheka peke yangu pale sebuleni. Fundi wa aluminiamu wa mtaani alinikatia kipande cha fremu ya dirisha, nikaweka alama chini zaidi ili mpira utoke na nguvu kidogo, nikapima kwenye mkeka, kisha, kwa ruhusa, kwenye grini ya mazoezi pale klabuni. Zulia lilikuwa na kasi kuliko majani, na kwa mbali. Ni wakati wa masika, majani yamenywa maji na yanakua usiku na mchana. Januari kwenye jua kali nadhani tofauti ingepungua.

Basi hiyo ilieleza mipira iliyofia njiani. Mkono uliozoea zulia unasukuma kwa upole usiotosha majani.

Ilieleza nusu. Ule wa kushoto uliopita hatua tatu haukufa njiani.

Na kuna lile suala la kibao. Mpira unaokuja kwa nguvu kwenye mkeka unagonga kibao na mara nyingine unarudi kuangukia shimoni, nyumbani nauhesabu. Kwenye majani, mpira unaokuja kwa nguvu unalipunguza shimo. Ukija taratibu, upana wote wa milimita 108 ni wako, hata ukingo utakusaidia. Ukija mbio, ni kile kipande cha katikati tu kitakachokupokea, na ukizidi hata hicho kinakukataa. Kibao nilikitoa siku hiyo hiyo. Mipira sasa inaishia chini ya kabati, na kila mtu nyumbani ana maoni kuhusu hilo.

## Mlima

"Uliza maji yangekwenda wapi."

Hilo ndilo somo la kedi wangu, na analitoa kwa ufupi huo huo kila mara. Pale Arusha maji yanatoka Meru kwenda kusini; Themi na Naura zinapita mjini zikitukumbusha. Kwa hiyo mpira, kwa imani ya makedi wote niliowahi kutembea nao, unaukimbia mlima. Ukikutana na wachezaji wa Moshi wanakwambia hivyo hivyo kuhusu Kilimanjaro, iwe pale Klabu ya Moshi, iwe TPC chini kwenye miwa ambako ukisimama unaapa ardhi ni tambarare.

Kwa muda mrefu nililichukulia hilo kama hadithi za kuwatisha wageni. Siku hizi nadhani lina maelezo ya kawaida kabisa. Jicho halina pima maji. Linaamua kilicho sawa kwa kutazama vinavyolizunguka: miti, paa la klabu, upeo wa macho. Ukiwa chini ya mlima, eneo lote limeinama pamoja nawe, kwa hiyo mwinamo mdogo unakuwa ndio usawa wako mpya. Grini iliyoinama asilimia 2 ndani ya ardhi iliyoinama asilimia 2 inaonekana meza. Mpira haudanganyiki.

Sasa angalia sebule. Kuta zimesimama wima. Ukingo wa meza ya televisheni ni mstari ulionyooka. Vigae vya sakafu vina mistari. Mkeka ukiinama upande mmoja, jicho linakwambia papo hapo, tena kwa usahihi, kwa sababu kila kilicho karibu nawe kinashuhudia. Unasoma mteremko huku umezungukwa na majibu.

Halafu kuna majani yenyewe. Zulia limelala upande mmoja tangu kiwandani na litalala hivyo hadi lichakae. Majani hulala upande wake, mara nyingi kufuata maji au jua, na ukiyatazama yaking'aa ujue yamelala kukuacha na mpira utateleza. Yakiwa meusimeusi yamekuelekea na mpira utagoma. Kedi wangu huenda hadi shimoni, anainama, anatazama ukingo. Upande uliokauka na kumomonyoka kidogo ndiko yanakoelekea. Jioni anaweza kukupa jibu tofauti na la asubuhi kwa pigo lile lile, kwa sababu majani yamekua.

Hakuna skrubu ya hilo.

Nilipofika hapa kwenye fikra zangu nilikaribia kuutangaza mkeka mtandaoni, bei ile ile, mnunuzi aje na kirikuu chake.

## Sheria moja

Kilichonizuia ni kitu nilichokisoma kwa sababu nyingine kabisa. Klabuni kulikuwa na ubishi kuhusu kedi kusimama nyuma ya mchezaji. Tangu sheria za mwaka 2019 kedi haruhusiwi kusimama makusudi kwenye mstari wa mpira nyuma yako ukishaanza kujipanga kupiga. Anaruhusiwa kukuonyesha mstari kabla, kisha aondoke. Nikawa naperuzi kitabu cha sheria kumaliza ubishi, na kwenye sehemu ya grini nikakutana na hii: ukiwa unacheza shimo, huruhusiwi kuijaribu grini kwa kuikwangua au kwa kubingirisha mpira juu yake.

Nilikuwa naijua. Kila mchezaji anaijua. Ni zile sheria ambazo hazikusumbui kwa sababu hujawahi kufikiria kuzivunja.

Lakini nilisimama nayo.

Kwenye gofu kila pigo la grini ni la kwanza na la mwisho. Unatazama, unauliza maji, unaamua, unapiga. Hakuna mpira wa kujifunzia. Na mimi kila jioni nilikuwa natumia mipira miwili ya mwanzo kuuliza swali na iliyobaki kufurahia jibu. Mikono yangu ilikuwa inapata mazoezi ya hali ya juu ya kurudia jibu ninalolijua. Kuuliza, ile sehemu ambayo uwanjani ndiyo mchezo wenyewe, nilikuwa nakupitia haraka kama usumbufu wa kabla ya utamu.

Kedi alikuwa ameliona hilo kwenye namna ninavyosimama. Nafika kwenye mpira, natazama mara moja, napiga, kwa kujiamini kwa mtu anayetegemea mpira wa pili.

Watu wanaochunguza namna mwili unavyojifunza wamelizungumza hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Anayerudia kitu kimoja mfululizo anang'ara wakati wa mazoezi. Anayechanganya vitu anaboronga mazoezini lakini siku ya kupimwa baadaye anakumbuka zaidi. Nje ya maabara matokeo hayajawa safi hivyo kila mara, kwa hiyo sitaki kumwambia mtu hii ni dawa. Nasema tu kwamba ilinifanya nisiuze.

## Mwenye skrubu

Sasa ni hivi. Mimi natoka sebuleni naenda jikoni. Mwanangu wa kwanza, aliye darasa la tano, anageuza skrubu anavyotaka, anapenyeza sponji anakotaka, kisha ananiita. Amewekewa sheria moja tu, asirudie alichofanya mara iliyotangulia. Nimetandika shuka kuukuu kwenye vigae ili mistari isinisaidie, na meza ya televisheni tunaifunika kitenge. Najua picha hiyo inavyoonekana kwa mgeni akibisha hodi.

Naingia. Nachuchumaa. Naamua. Mpira mmoja. Narudi jikoni.

Ni mazoezi mabaya sana kwa roho. Ile sauti ya kikombe imekuwa adimu. Mume wangu, ambaye awali alilalamika kuhusu nafasi, sasa analalamika kwamba nimekuwa sicheki nikicheza. Na mtoto ana ukatili wa watoto: kuna siku aliusawazisha mkeka kabisa, kimya, na mimi nikaona mteremko usiokuwepo na kupiga nje ya shimo kwa kiganja kizima. Alianguka kwenye kochi kwa kicheko.

Siku ile nilijifunza kuhusu jicho langu kuliko jioni zote za mipira mfululizo.

Je, uwanjani nimebadilika? Hapa ndipo napata taabu kuandika, kwa sababu natamani kusema ndiyo. Mikwaju mitatu kwenye grini bado inanitokea. Mara ya mwisho tulipokwenda Kili Golf, Usa River, mashimo 18 na grini pana kuliko nilizozizoea, ilinitokea hadi nikaacha kuona haya. Kinachoonekana kubadilika ni kitu kingine. Zamani kedi alinionyesha mstari nikaufuata, na nikikosa nilimlaumu kimoyomoyo. Siku hizi tunabishana nilenge nje ya shimo kwa upana wa kiasi gani.

"Shimo moja nje, kulia."

"Hapana mzee, nusu shimo. Tazama maji."

"Maji gani? Unatazama mti wewe, mama."

Mara nyingi anashinda. Si kila mara.

## Kwa wanaoniuliza kama wanunue

Nimepokea maswali hayo tangu nilipoweka picha ya mkeka. Jibu langu linategemea uko wapi na mchezo.

Kama ndiyo unaanza, huhitaji skrubu. Tafuta sehemu ya sakafu iliyo sawa kweli, ipime kwa pima maji, tandika zulia lisilo na manyoya marefu, weka kikombe cha kulenga, piga kutoka mita 1 hadi uso wa fimbo ujifunze kunyooka. Haitakugharimu zaidi ya zulia.

Kama unacheza tayari na unataka wa kurekebishwa, angalia kwanza upana. Mkeka mwembamba hauwezi kukupa mteremko wa pembeni wenye maana; mpira unaanguka nje kabla haujapinda. Ya kukunjwa kama jamvi inakaa na mikunjo, na mpira unaruka kila unapoivuka. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi usiibishie sana, wala usiiamini.

Na uwe na mtu wa kugeuza skrubu. Bila mtu huyo, sidhani kama tofauti ya bei inalipa.

Kuna jambo linanikera katika haya yote, na siwezi kuliacha. Watu wanaosoma grini vizuri kuliko wote ninaowajua hawajawahi kumiliki mkeka. Kedi wangu anasema alijifunza akiwa mtoto, na wenzake, nyuma ya banda lao: fimbo moja iliyotupwa na mwenyewe, kopo la maziwa limefukiwa ardhini, vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika. Kila mvua ikinyesha uwanja wao ulikuwa mpya. Walicheza kwa hela za chai, mpira mmoja kila mtu. Mimi nimelipa fedha, nimehamisha makochi na kufunika televisheni kitenge ili nipate nusu ya kile walichokuwa nacho bure. Siku makedi wanapopewa uwanja wacheze wenyewe, nenda uwatazame kwenye grini, kisha urudi uniambie kuhusu vifaa.

Nilimkaribisha nyumbani auone mkeka. Alikuja Jumapili mchana, akanywa chai, akauzunguka, akabonyeza zulia kwa kidole gumba. Mwanangu akamtengenezea mteremko mgumu kuliko wote alioujua. Mzee alichuchumaa muda mrefu, akapiga mara moja, mpira ukaingia. Mtoto akamwomba arudie.

"Narudia ya nini?" alisema, akarudi kwenye chai yake.

Tangu siku hiyo mwanangu amepandisha bei. Alikuwa anageuza skrubu kwa hiari. Sasa anadai shilingi elfu moja kwa jioni, kwa hoja kwamba kazi yake ndiyo ngumu kuliko yangu. Tumekubaliana mia tano, na kipande cha sponji kilichopotea atakilipia mwenyewe.